Miaka Yangu ya Kunoa Visu Nikiwa Nimeegemea

Marahaba, wanangu. Najua hamjaniamkia bado, lakini naitikia mapema ili tuingie kwenye mazungumzo.

Mimi naitwa Mshamu. Kwa miaka thelathini na kitu nilinoa visu, mikasi na mapanga ya watu wa mji huu, kuanzia Buguruni ninakoishi, nikapita Gerezani, Kariakoo yote, mpaka Mnazi Mmoja. Baadhi yenu mliwahi kutusikia tukipita mtaani na kengele, mkadhani ile ni kazi ya mtu aliyekosa kazi. Siwalaumu. Hata mimi niliingia hivyo hivyo, nikisubiri kitu cha maana kitokee. Kilichotokea ni kwamba niliipenda.

Baiskeli yetu ya kunolea ni baiskeli ya kawaida, ndefu, ya chuma. Nyuma unaweka stendi pana inayoinua gurudumu lisiguse chini. Mbele, juu ya bomba la fremu, unafunga jiwe la duara, halafu mkanda unatoka gurudumu la nyuma unakuja kuzungusha jiwe. Unapanda, unapiga pedeli, baiskeli haiendi popote, jiwe linazunguka, nawe unashika kisu kwa mikono miwili. Ukimaliza unakunja stendi, unaenda kwa mteja mwingine. Miguu ndiyo injini na miguu ndiyo nauli.

Makosa yangu ya mwanzo ni mengi na sitayamaliza. Kuna mama mmoja alinipa kisu cha kukatia mkate, kile chenye meno meno. Sikuwahi kukiona. Nikaona hiki kimeharibika vibaya mno, nikakaza jiwe, nikayafuta meno yote, nikamrudishia kisu kimenyooka kama rula. Alikitazama, akanitazama, akasema, "Fundi, asante, lakini kilikuwa kipya."

Basi tuje kwenye baiskeli yenyewe, maana ndiyo mnayoniulizia kila siku.

Siku moja pale Gerezani nilikuwa nimesimama pembeni ya barabara nikikunja stendi yangu. Mkokoteni uliobeba mabati ukamshinda mwenyewe, ukaja moja kwa moja, ukanibana kwenye nguzo. Nyonga ya kulia ilivunjika. Nikalala hospitali, nikalala nyumbani, na siku ya kurudi kuonwa, daktari akaniambia, "Mzee, utatembea, ila mguu huu usiuinue tena juu ya kiuno. Na usiinamie kazi kutwa nzima."

Nikamuuliza, "Sasa baiskeli nitapandaje?"

Akacheka. Alidhani namtania.

Nilikaa ndani kwa miezi. Binti yangu Mwanahawa, ambaye ana saluni ya kina mama pale Buguruni, alikuwa anakuja jioni kutuletea chakula mimi na mama yake, na ananiambia, "Baba, umefanya kazi inatosha. Pumzika." Ni maneno mazuri, lakini mimi nilikuwa nayasikia kama mtu anayefunikwa shuka usoni. Majirani waliokuwa wananiita fundi wakaanza kuniuliza tu, "Unaendeleaje?" Nilijaribu kutembea kwa mguu na jiwe dogo la mkono kwenye mfuko. Nilifika mtaa wa pili tu, nikakaa kwenye ngazi za duka la watu nikashindwa kuinuka. Walinirudisha kwa bajaji.

Nilipopata nguvu kidogo nikaenda Gerezani kuuza ile baiskeli yangu ya zamani kwenye uwanja mmoja wa baiskeli za mtumba, zile zinazokuja kwenye makontena. Nilikuwa nimeshakata tamaa, niwe mkweli. Mwenye uwanja alikuwa anaikagua baiskeli yangu, mimi natafuta pa kukaa. Nikaona kiti. Kiti kipana, chenye mgongo wa kuegemea, kimekaa chini kiasi cha kiti cha nyumbani. Nikakaa. Nilipoinua macho nikakuta mbele yangu kuna usukani.

Ilikuwa baiskeli. Magurudumu madogo, fremu imepinda chini pale katikati hata bibi mwenye gauni refu anaweza kupita bila kuinua mguu. Pedeli zake hazikuwa chini ya makalio kama baiskeli zenu, zilikuwa mbele, kwa hiyo miguu inasukuma kwenda mbele na mgongo unaegemea nyuma. Mikono ya usukani imeinuka na kurudi nyuma kumfuata mtu alipo. Na nilipokaa pale, nyayo zangu zote mbili zilikuwa chini. Nyonga haikusema kitu. Mara ya kwanza tangu mkokoteni, nilikuwa juu ya baiskeli na nyonga haikusema kitu.

"Hiyo imenishinda," mwenye uwanja akasema. "Kila mtu anakaa, anapiga picha, anaondoka."

Tukabadilishana, baiskeli kwa baiskeli, na kila mmoja wetu alidhani amempunja mwenzake.

Mwanahawa alipoiona alikaa chini kabisa kwa kicheko. "Baba! Hii ni baiskeli au ni kiti changu cha saluni?" Halafu akaacha kucheka, akatafuta kwenye simu, akaniambia kwa upole, "Baba, hii waliacha kuitengeneza zamani. Vipuri vyake hakuna. Ikiharibika ndiyo basi."

Nikamwambia, "Mimi nami waliacha kunitengeneza zamani." Nilijifanya jasiri. Usiku sikulala vizuri.

Kulipokucha nikaikokota hadi kwa Fundi Urio. Urio ni mtu wa Kilimanjaro, ndiyo maana namwita Mangi, ana karakana ya kuchomea na kuchonga vyuma hapo hapo Gerezani. Ni mzee wa kanisa, mkimya, na nilimjua kwa sababu ndiye aliyekuwa ananichongea ekseli za mawe. Aliizunguka ile baiskeli kwa muda mrefu, akaikalia, akainuka, akaishika fremu kama mtu anayempima mtoto homa.

"Huyu aliyeichora," akasema, "alikuwa na mtu wake ambaye ni mgonjwa."

"Kwa nini, Mangi?"

"Tazama. Kila kitu kimewekwa ili mtu asiumie."

Tulifanya naye kazi wiki nyingi. Kwanza tuliweka jiwe ubavuni mwa kiti, karibu na gurudumu la nyuma, kwa kuwa ndiyo rahisi. Siku mbili za kujipinda upande nikawa siwezi kuvaa shati mwenyewe. Tukalitoa. Urio akatengeneza kimeza kidogo kinachokunjwa, kinachokaa mbele ya kifua, jiwe juu yake. Sasa mkanda ukawa mrefu mno. Tuliunga mikanda miwili ya ngozi, ile ya cherehani za miguu, na njiani tukaupitisha kwenye kigurudumu ambacho Urio alikichonga kutoka kwenye kibao cha plastiki cha kukatia nyama. Cheni nayo ilikuwa imechakaa, na ni ndefu kuliko cheni yoyote dukani, ikabidi tuunge moja na robo tatu. Stendi aliichonga upya kwa sababu fremu ilikuwa ya alumini na hakutaka kuichomea. "Alumini ina kisirani," alisema. "Leo inakukubalia, kesho inakuacha." Akaifunga kwa vibano na nati.

Siku niliyotoka nayo kwa mara ya kwanza, Kariakoo ilisimama. Wapo walioniuliza kama napumzika au naenda. Wapo walioniambia nimesahau mto. Mchana haujafika nilishapewa jina la Sofa, na mpaka leo kuna wauza nyama wa Buguruni wasiojua kwamba naitwa Mshamu. Pale Mnazi Mmoja trafiki akanisimamisha.

"Mzee, mbona umelala barabarani?"

"Sijalala, afande. Nimeegemea."

Akataka kujaribu. Alikaa, akaegemea, akanyoosha miguu, na sura yake yote ikalainika. Magari yalipiga honi mpaka akakumbuka kilichomleta pale.

Nataka mjue kilichonifurahisha zaidi. Kwenye baiskeli ya zamani ungeinama, ukaona lami na visigino vya watu. Kwenye hii nilikuwa naona nyuso. Niliona ghorofani kwa watu, nguo zilizoanikwa, watoto wanaonipungia mikono, mafundi wanaonionyesha mkasi dirishani kwamba nipande. Nilikuwa nimepita mitaa ile miaka ishirini bila kuinua kichwa.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo huwa siisimulii kwa hiari.

Mtaa wa Sikukuu kulikuwa na Bi. Salha. Babu zake walitoka Uarabuni, yeye amezaliwa na kukulia Kariakoo, na dukani kwake walikuwa wanauza vitambaa na kushona nguo za harusi. Alikuwa na mkasi mkubwa wa kukatia, mweusi, mzito, wa marehemu mama yake. Mkasi ule hakumpa mtu mwingine kunoa ila mimi, na mimi nilikuwa nausubiri kila baada ya miezi mitatu kama mtu anayetembelewa na mgeni wa heshima.

Wiki ile ya kwanza akanipa. Nikakaa, nikapiga pedeli, nikasogeza makali kwenye jiwe.

Sikuwa nimefikiria jambo moja. Ile baiskeli ilitengenezwa ya starehe. Chini ya kiti kulikuwa na springi nene, ya kumeza mashimo ya barabarani. Ukiwa safarini ni raha tupu. Lakini ukiwa umesimama unanoa, kila unapokandamiza pedeli kiti kinapanda na kushuka kidogo, nawe unapanda na kushuka, na mikono yako inapanda na kushuka. Kwenye panga la muuza nazi huoni tofauti. Kwenye mkasi wa kukatia hariri, makali yakadunda kwenye jiwe. Niliposimamisha jiwe nikaona mawimbi, kuanzia katikati ya mkasi hadi nchani. Nikajaribu kurekebisha, nikazidisha.

Nilijua. Hapo ndipo pa aibu yangu, wanangu, si kwenye kuharibu. Kuharibu kila fundi anaharibu. Nilijua, halafu nikausugua ule mkasi kwa mafuta na kitambaa mpaka ukang'aa kama kioo, nikamrudishia Bi. Salha nikitabasamu. Nilikuwa nimekaa ndani miezi mingi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kuitwa fundi tena. Nikajiambia labda hatagundua.

Siku ya tatu nilikuwa napita mtaa wa pili, nikaambiwa Bi. Salha ananiita. Nilikuta meza ya kukatia imetandikwa kitambaa cheupe chepesi cha bibi harusi, kimekatwa nusu, na pale kilipokatwa kimechanika chanika kama kimetafunwa na panya. Mkasi ulikuwa juu yake. Bi. Salha hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Mshamu. Uliponipa mkasi huu, ulijua?"

Ningeweza kusema sikujua. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni.

"Nilijua, Bi. Salha."

Wasichana wake wa cherehani wote waliacha kushona. Nikasikia feni.

"Kitambaa nitakipata kingine," akasema. "Bibi harusi nitazungumza naye, nitamwambia kosa ni la kwangu, maana mimi ndiye niliyekata bila kujaribu. Lakini mkasi wa mama yangu huwezi kunipa mwingine. Uchukue. Usije hapa mpaka mkasi uwe umepona."

"Na usipopona?"

"Basi utakuwa umeniambia ukweli, na hiyo nayo ni kitu. Nenda."

Nilienda nao moja kwa moja kwa Urio, nikamweleza kila kitu. Hakunihubiria. Alikaa kwenye ile baiskeli, akapiga pedeli polepole huku akiisogeza penseli mbele kwenye ukuta, na penseli ikachora mawimbi ukutani. Akashuka, akachonga kabari ya mbao ngumu, yenye kamba ya kuvutia, akaipachika katikati ya springi. Akakaa tena, akapiga pedeli. Penseli ikachora mstari. Basi. Ukitaka kusafiri unavuta kamba, kabari inatoka, unakaa kwenye sofa. Ukitaka kunoa unaipachika, unakaa kwenye benchi. Wiki nyingi tulihangaika na mkanda na cheni na stendi, na kumbe kitu kilichohitajika zaidi ni kipande cha mbao.

Mkasi wenyewe sikuugusisha jiwe la kuzunguka tena. Niliunoa nyumbani kwa jiwe bapa la mkono, siku tisa, asubuhi kukiwa na mwanga mzuri. Shikeni hili kama mna nia ya kazi hii: mkasi una upande wa nje na upande wa ndani. Unanoa ule mshazari wa nje tu. Zile nyuso mbili za ndani zinazotazamana usizichezee, unazipitisha tu kwenye jiwe laini mara moja kuondoa ule ukingo mwembamba wa chuma unaokwaruza kidole. Ukizila za ndani, mkasi hautakata tena hata ukiunoa mpaka uishe. Na usijaribu mkasi kwa karatasi, karatasi inadanganya. Jaribu kwa kitambaa chepesi kilicholoweshwa, na ukate kwa ncha, siyo kwa kooni, kule nyuma karibu na pini. Ncha ikikata kitambaa chenye maji bila kukivuta, mrudishie mwenyewe.

Siku ya kumi nilimpelekea. Mkasi ulikuwa umepungua upana, mtu anayeujua angeona. Bi. Salha alichukua kipande cha kitambaa kilekile kilichoharibika, akakikunja mara nne, akakata kwa ncha. Hakuusifia. Alikata tena. Halafu akamgeukia msichana mmoja akamwambia, "Mletee fundi chai." Nikanywa ile chai nimeinamisha uso, kwa sababu macho yalikuwa yananisumbua.

Kuanzia hapo nikiharibu nasema kabla sijaulizwa. Mtashangaa jinsi inavyowapunguzia wateja kidogo na kuwaongezea wengi.

Ile sofa yangu ilinibeba miaka kumi na moja. Kigurudumu cha plastiki tulibadilisha mara nne, kiti nilikivika ngozi mara mbili. Nyie mkaanza kununua visu vyepesi vya kutupa, mafundi cherehani wakaanza kutumia mashine za umeme za kukatia, na bado kazi ilikuwepo. Halafu asubuhi moja nikasikia mlio kama mfupa, pale fremu inapopinda. Ufa. Nikaikokota kwa Urio.

Alivua miwani, akapitisha ukucha kwenye ule ufa.

"Siungi," akasema.

"Mangi, unajua kuunga alumini. Nimekuona."

"Najua. Nikiiunga itashika, labda mwezi, labda siku mbili. Itakatikia mbele ya basi la mwendokasi, na mimi ndiye nitakuwa nimekuua. Siungi."

Nilimtolea maneno mazito. Nilimwambia anataka nirudi kulala ndani. Nikaondoka nikaiacha baiskeli pale pale, na kwa wiki mbili sikupokea simu yake. Mzee mzima nilinuna kama mtoto aliyenyimwa ubwabwa.

Siku moja Mwanahawa akaja akaniambia, "Baba, vaa viatu. Unaitwa Mtaa wa Sikukuu." Nilipofika, mbele ya duka la Bi. Salha, barazani, nilimkuta Urio amepiga magoti na spana. Alikuwa ameikata ile baiskeli. Gurudumu dogo la mbele halipo, usukani haupo. Kiti kipo, pedeli zipo mbele pale pale, jiwe lipo kifuani, na chini yake kuna miguu minne ya chuma iliyofungwa kwa bolti sakafuni. Wasichana wa cherehani walikuwa wamejaa mlangoni.

"Haiendi popote tena," Urio akasema bila kuniangalia. "Kwa hiyo haitakuangusha popote."

Bi. Salha akaongeza, "Na mimi nimechoka kukusubiri upite. Ukikaa hapa nitakuona."

Nikakaa. Asubuhi yote hakuja mtu, nikawa natazama mtaa ukinipita badala ya mimi kuupita, na roho iliniuma. Baada ya sala ya adhuhuri akaja fundi cherehani mmoja na mikasi mitatu. Nyuma yake wakaja wawili. Jioni nilikuwa na watu hadi kwenye duka la jirani, na Urio alikuwa bado yuko pale amekaa kwenye ndoo, anajifanya ana nati ya kukaza.

Sasa nimestaafu. Mikono ilianza kutetemeka, na nilimwambia Bi. Salha mwenyewe kabla hajaona. Kiti kile sasa anakikalia Mwanahawa. Alianza kwa kuniletea visu vya mashine zake za saluni ninoe, akawa anasimama kutazama, akawa ananisahihisha, na siku moja nilipochelewa nikamkuta amekaa. Saluni ameiacha kwa mwenzake. Ananoa mikasi ya kukatia nywele, kazi ambayo mimi sikuwahi kuiweza, na vinyozi wanamfuata kutoka mbali.

Wiki iliyopita mama yake Mwanahawa alinituma na kisu cha jikoni. Nilifika barazani, nikakuta watu wamesimama, nikapita tu kama kawaida kwenda mbele. Kijana mmoja mwenye begi la mikasi akanishika bega, kwa adabu kabisa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Samahani mzee wangu, hii ni foleni. Tunamsubiri fundi."

Mwanahawa hakuwa ameniona, alikuwa ameinamisha macho kwenye jiwe. Nikamtazama kijana. Nikaomba radhi, nikarudi nyuma, nikasimama wa saba na kisu changu mkononi.